Uzi: Zana za mawe na michoro ya watu wa kale wa ukanda wetu, tusizipite kama kokoto

mwalimu_wa_zama (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nafundisha historia sekondari. Kila nikifika Zama za Mawe naona darasa linapoa, na siwalaumu wanafunzi, maana somo lenyewe tunalipitisha mbio: mtu wa kale alitumia zana duni za mawe, akagundua moto, akaja na chuma, twende mada inayofuata. Zaidi ya miaka milioni 3 imeisha kwa nusu ukurasa. Na hapo ushahidi mwingi wa miaka hiyo umelala kwetu, Oldupai, Isimila, Turkana, Magadi, Kondoa, Kilifi.

Hoja yangu ni moja, na nitaitetea uzi mzima. Ujuzi wa wale watu haukuwa kwenye umbo la zana. Ulikuwa kwenye kuchagua jiwe na kujua litapasuka vipi kabla halijapasuka. Ukiangalia umbo tu utaona kipande cha jiwe. Ukifuata jiwe lilitoka wapi na lilipigwa wapi, unamwona mtu anayefikiri.

Tuanze mbali kabisa. Mwaka 2011, magharibi mwa Ziwa Turkana, timu ya Sonia Harmand na Jason Lewis ilipotea njia ikaingia kwenye makorongo ya Lomekwi. Wakaanza kutafuta hapohapo, na Mturkana waliyekuwa naye, Sammy Lokorodi, akasaidia kuyaona mawe yenyewe. Matokeo yalichapishwa 2015: zana za miaka milioni 3.3. Ni mawe makubwa, moja lina uzito wa kilo 15 hivi, na yalipigwa kwa kuyabamiza juu ya jiwe jingine lililotulia chini. Hapo binadamu wa aina yetu, hata wa jenasi yetu, bado hajulikani.

Kisha Oldupai. Wengi tunaikumbuka kwa fuvu la Zinjanthropus aliloliona Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, la miaka takriban milioni 1.75. Fuvu ndilo lililopata sifa. Lakini eneo lilelile lilitoa zaidi ya vipande 2,000 vya zana za mawe pamoja na mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa, na kwangu hivyo vipande vinasimulia mengi kuliko fuvu. Karibu na bonde kuna kilima cha Naibor Soit chenye kwarzaiti, jiwe jeupe linalometameta. Mabondeni kulikuwa na mawe meusi ya volkano yaliyoletwa na mito. Walitumia yote mawili, ila si kiholela: vibanzi vya kukatia nyama, yaani vile vipande bapa vyenye makali vinavyobanduka jiwe likipigwa, vilitoka zaidi kwenye kwarzaiti, na zana nzito za kutumika muda mrefu mara nyingi zilitoka kwenye mawe ya volkano. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa 2020 yalipima makali ya mawe hayo. Kwarzaiti ndiyo kali zaidi ikiwa imepasuliwa sasa hivi, na ya volkano ndiyo inayotunza makali. Walikuwa wanajua.

Nitaendelea jioni. Karibuni.

kijana_wa_ipogolo

Tiririka mwalimu, naweka kambi hapa. Usiisahau Isimila, ni nyumbani.

mtafuta_hoja

Mkuu, nina swali la dhati. Mawe yanapasuka yenyewe kwa jua, maji, kuanguka mlimani. Hata nyani wanagonga mawe. Nani anathibitisha kwamba kipande fulani kilipigwa na mtu na si mafuriko?

fundi_kokoto

Nimjibu ndugu hapo juu kabla mwalimu hajarudi, maana hii ndiyo kazi yangu, napasua mawe.

Jiwe ukiligonga katikati, nyundo inarudi na mkono unauma, jiwe lipo vilevile. Lazima utafute ukingo wenye pembe kali, uguse karibu na mwisho wa ukingo, na upige kwa kuelekea nje. Hapo linaachia kipande bapa. Ukipiga mbali sana na ukingo haliachii, ukipiga karibu mno unapata unga. Na kila kipande kikitoka kinabadilisha ukingo, kwa hiyo pigo la pili inabidi ulifikirie upya. Mawe mengine yana mpasuko ndani huuoni kwa macho, unausikia. Jiwe zima linalia, lenye ufa linatoa sauti iliyokufa. Sijasoma akiolojia, lakini mtu akiniambia wale walikuwa wanabahatisha, nakataa.

mwalimu_wa_zama

Fundi, shukrani sana. Umesema kwa mikono ambacho vitabu vinasema kwa kurasa kumi.

Ndugu mtafuta_hoja, swali lako ndilo wanaakiolojia wanaloanza nalo wenyewe. Chukua kibanzi kimoja mkononi. Upande wa nje una ngozi ya zamani ya jiwe, au una makovu ya vibanzi vilivyotoka kabla yake. Upande wa ndani ni laini, na juu kabisa, pale pigo lilipotua, kuna kijisehemu bapa na chini yake tu pana uvimbe mdogo kama nundu. Kutoka kwenye nundu hiyo yanashuka mawimbi yaliyopinda, ukipitisha kidole unayasikia. Hiyo ndiyo alama ya pigo moja lenye nguvu lililoelekezwa. Baridi na jua havitoi nundu ya namna hiyo. Jiwe linaloporomoka linaweza kutoa kibanzi kimoja kwa bahati, lakini halitatoa vibanzi kumi vilivyofuatana ukingo mmoja, kila kimoja kikitumia kovu la mwenzake.

Kuhusu nyani uko sahihi kiasi. Mwaka 2016 ilichapishwa kwamba kima wa Brazil waitwao kapuchini wanabamiza mawe na kutoa vibanzi vinavyofanana na vya kale. Lakini hawakuonekana wakivitumia kukatia kitu. Kwetu vibanzi vinakutwa na mifupa iliyochanjwa. Kule Nyayanga, rasi ya Homa kwenye Ziwa Viktoria, zana za kati ya miaka milioni 2.6 na 3 zimekutwa na mifupa ya kiboko iliyokatwa nyama. Hiyo ilitoka 2023.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko Lokalalei, magharibi mwa Turkana, wa miaka milioni 2.34. Watafiti waliokota mawe na vibanzi vyote vya eneo dogo, hata makombo, wakakaa mezani na kuanza kuvirudisha mahali pake kimoja kimoja mpaka jiwe la awali likajikusanya upya. Yapo mawe yaliyotoa makumi ya vibanzi, kimoja baada ya kingine, bila mpigaji kuuharibu ukingo. Wanaweza kukueleza aligeuza jiwe lini, pigo lipi lilikosea na alilisahihishaje. Fikiria, tunajua mfuatano wa mapigo ya kiumbe ambaye hata sura yake hatuijui!

Na kuhusu kuchagua jiwe: Kanjera Kusini, rasi hiyohiyo ya Homa, miaka milioni 2 hivi iliyopita, baadhi ya mawe yalibebwa zaidi ya kilomita 10 kwa sababu ya karibu hayakuwa magumu vya kutosha. Mtu anabeba jiwe kilomita 10 kwa ajili ya nyama ambayo bado hajaiona.

kijana_wa_ipogolo

Mwalimu, Isimila basi. Sisi tulipelekwa na shule, tukapiga picha kwenye zile nguzo za udongo, tukaondoka. Mawe tuliyaona kwenye kibanda lakini hakuna aliyetueleza kitu.

mwalimu_wa_zama

Nguzo zinapendeza na wala sizikatazi, lakini zilichongwa na mvua. Kilicho cha watu kiko chini, kwenye mchanga wa korongo. Isimila ipo takriban kilomita 20 kutoka Iringa mjini, barabara ya kwenda Mbeya. Mawe yake yalianza kujulikana 1951, na F. Clark Howell akachimba 1957 na 1958.

Pale kuna shoka la mkono. Si shoka la mpini, ni jiwe lililochongwa pande zote mbili, upande mmoja mnene wa kushika, upande wa pili unachongoka. Isimila ina makubwa ya kushangaza, mengine yanazidi sentimita 30. Mengine ni yale ya makali mapana, mwisho wake haukuchongoka, umekatwa bapa kama patasi. Ukilishika shoka la mkono unaona pande zake mbili zinalingana, na hapa ndipo ninapoomba watu watulie kidogo. Ili pande zilingane lazima umbo liwe kichwani kabla ya pigo la kwanza, na kila pigo upande huu lijibiwe upande ule. Nyama ingekatika hata kwa jiwe lililopinda. Wengine wanasema ulinganifu huo ulikuja wenyewe kwa namna ya kugeuza jiwe, wengine wanauona kama dalili ya kwanza ya kutaka kitu kiwe kizuri. Mimi nasimama na hawa wa pili. Mtu aliyechonga jiwe la zaidi ya sentimita 30 likalingana kote, wakati dogo lingetosha, alikuwa na sababu nyingine zaidi ya njaa.

Mashoka ya namna hii yanaanza kuonekana miaka milioni 1.76 iliyopita, Kokiselei, Turkana tena, na yaliendelea kuchongwa zaidi ya miaka milioni moja. Wakenya wenzetu wakitaka kuyaona kwa wingi waende Olorgesailie, barabara ya Magadi. Yameachwa palepale chini yalipokutwa, unapita juu kwenye daraja la mbao.

Olorgesailie hiyohiyo inaonyesha yalivyokoma. Kufikia miaka 320,000 hivi iliyopita, mashoka makubwa yamepotea na nafasi yake imechukuliwa na zana ndogo za ustadi zaidi, nyingi za obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano ambacho pale hakipatikani. Kilitoka kilomita 25 hadi 50 na zaidi. Kwa umbali huo kuna uwezekano mkubwa watu walikuwa wanapokezana na majirani. Pamoja nazo yamekutwa mawe ya rangi, mekundu na meusi, moja likiwa na matundu ya kutobolewa kupata unga. Hayo yalichapishwa 2018. Rangi, obsidiani na majirani, vyote ndani ya tabaka moja.

Na kwa wanaodhani ilikuwa mawe tu: mwaka 2025 ilichapishwa kwamba Oldupai, miaka milioni 1.5 iliyopita, walichonga pia mifupa ya tembo na viboko kuwa zana, 27 zimekutwa sehemu moja. Ujuzi wa kupasua jiwe waliuhamishia kwenye mfupa.

mkongo_wa_goma

Jambo kwenu wote. Mwalimu, usituache sisi wa upande huu. Kwenye mto Semliki, pale unapotoka Ziwa Edward, kuna mfupa wa Ishango. Aliupata Mbelgiji Jean de Heinzelin mwaka 1950. Ni mfupa mdogo kama sentimita 10, kwenye ncha umechomekwa kipande cha kwarzi, na mwilini umechanjwa mistari katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya mistari 11, 13, 17 na 19. Ujumlishe, ni 60. Safu nyingine nayo ni 60. Ya tatu ni 48. Una miaka 20,000 hivi. Wapo wanaosema ni hesabu, wapo wanaosema ni kalenda ya mwezi, wapo wanaosema ni michanjo ya kushikia vizuri tu. Mfupa wenyewe uko Brussels, na sisi tunauona kwenye picha.

Tena Katanda, mto uleule, yalikutwa machusa ya mfupa yenye miiba, yanakadiriwa miaka 90,000, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Mvuvi yeyote wa ziwani leo ukimwonyesha chusa lile hatauliza ni la nini.

mwalimu_wa_zama

Ndugu wa Goma, hayo ni madini. Mimi kwenye Ishango sina upande bado kuhusu hesabu, lakini angalia mkono uliochanja: mistari imekaa kwa makundi, yenye nafasi kati yake. Mtu anayetaka mfupa usiteleze tu hana haja ya kupanga makundi.

binti_wa_kaloleni

Na Pwani jamani? Panga ya Saidi iko kwetu Kilifi, kwenye mapango ya mawe ya chokaa, na watu wengi wa Mombasa hawaijui.

mwalimu_wa_zama

Dada, hapo umenigusa. Pango lile lina tabaka za miaka 78,000 mfululizo, kitu adimu sana. Zana zake zinabadilika taratibu, zikizidi kuwa ndogo. Kuna shanga za magamba ya konokono wa baharini zenye zaidi ya miaka 60,000, na baadaye shanga za yai la mbuni.

Na chini kabisa alizikwa mtoto. Mwaka 2021 ilitangazwa rasmi: mtoto wa miaka 2 na nusu hadi 3, miaka 78,000 iliyopita, amelazwa ubavu kwenye shimo lililochimbwa makusudi, miguu imekunjwa. Jinsi mifupa ya mabega ilivyokaa inaonyesha mwili ulifungwa ndani ya kitu, na kichwa kilikuwa juu ya kitu laini ambacho kimeoza, kichwa kikainama baadaye. Ni kaburi la zamani zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika. Watafiti walimpa jina Mtoto. Mifupa ilikuwa inasagika kwa kuguswa tu, ikabidi bonge zima la udongo lifungwe plasta, likapelekwa Nairobi, kisha Hispania kuchunguzwa.

Watu waliomlaza yule mtoto ndio haohao waliokuwa wanapasua mawe pale pangoni. Mtu akiniambia zana zao duni kwa hiyo maisha yao yalikuwa duni, namuelekeza kwenye kaburi lile.

mrangi_wa_kolo

Mwalimu, nimesubiri ufike kwetu. Michoro.

mwalimu_wa_zama

Ndiyo mkuu. Michoro ya Kondoa iliingia Urithi wa Dunia 2006, ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300 lenye mapango na vibanda vya mawe, yaani miamba iliyoinama ikaacha kivuli chini yake, zaidi ya 150. Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951.

Ile myekundu ndiyo ya kale. Rangi yake ni udongo wenye chuma, ule tunaouita ngeu, uliosagwa. Wanyama wamechorwa kwa utulivu mkubwa. Twiga ana shingo ya twiga na mwendo wa twiga, pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, ana ule mkunjo wa ngozi shingoni. Watu wao wamerefushwa kupita kiasi, wembamba, vichwa vimepambwa na kujazwa nywele au vilemba. Anayejua kumchora pofu sawasawa hawezi kuwa alishindwa kumchora mtu. Aliamua watu wawe hivyo. Juu yake mara nyingi kuna michoro myeupe, minene, ya kidole, inayohusishwa na wakulima waliokuja baadaye.

Pale Kolo kuna mchoro unaobishaniwa sana: watu watano, wa katikati anaonekana mwanamke, ameshikwa mikono huku na huku. Mary Leakey aliuona kama tukio la kuteka. Baadaye wengine wakauona kama ngoma ya tiba, wakiulinganisha na simbo ya Wasandawe, ambapo mtu anapandisha na wenzake wanamshikilia. Nikitazama nakala yake naona wa pili wana hoja. Hakuna silaha pale.

mrangi_wa_kolo

Niongeze. Mungumi wa Kolo si makumbusho, ni mahali pa matambiko mpaka leo, ya mvua na ya uponyaji. Wazee wetu walikuwa wanapanda pale kabla ya mtu yeyote kuja na kitabu cha wageni. Wahifadhi wanahofia pombe na moshi vitaharibu michoro, na hofu hiyo naielewa. Ila wanaotuumiza kweli ni wachimbaji wa usiku. Watu wameaminishwa kwamba Wajerumani walificha dhahabu pale, wanakuja na sururu wanachimba mashimo ndani ya vibanda. Hawajapata kitu, lakini mashimo yapo.

mwalimu_wa_zama

Hilo linauma, na wasomaji waelewe kwa nini. Sakafu ya kibanda cha mawe ni tabaka juu ya tabaka. Kibanda cha Kisese II, hukohuko Kondoa, kilichimbwa 1956 kwa utaratibu, na kwa sababu kila kitu kiliandikwa kilitoka kina gani, miaka 60 baadaye watafiti waliweza kurudi kwenye masanduku ya makumbusho na kupima shanga za yai la mbuni: zaidi ya miaka 40,000. Mtu wa sururu akichanganya udongo wa juu na wa chini kwa usiku mmoja, shanga ile inabaki shanga tu, haina umri tena. Hakuna mtaalamu duniani anayeweza kuirekebisha.

mtafuta_hoja

Mwalimu, nimekubali. Swali la mwisho: nyumbani tunalima karibu na korongo na watoto wanaokota mawe yanayofanana na hayo uliyoyaeleza. Tufanye nini? Kuna mtu alitaka kununua.

mwalimu_wa_zama

Usiuze. Tanzania tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya wana yao ya 2006 ya makumbusho na urithi, na zote zinakataza biashara hiyo bila kibali. Zaidi ya sheria, jiwe likishatoka mahali pake limepoteza nusu ya maneno yake.

Ambayo bado yako chini yaache. Weka rula au hata kiberiti pembeni, piga picha kwa karibu, kisha piga nyingine ya mbali ionyeshe korongo na mti au nyumba ya jirani. Chukua alama ya eneo kwenye simu. Yaliyokwisha kuokotwa weka kwenye mfuko mmoja, andika karatasi: yalitoka sehemu gani ya shamba, juu au ndani ya ukuta wa korongo. Peleka taarifa kwa ofisa utamaduni wa wilaya, na andikia Idara ya Mambo ya Kale. Na waulize watoto waliyaona wapi hasa. Watoto wanakumbuka mahali kuliko sisi.

Weka picha hapa ukizipata, fundi_kokoto na mimi tutazitazama. Ile nundu chini ya pigo ionekane, na mwanga uje kutoka ubavuni. Ukipiga jua la saa sita utosini, mawimbi hayataonekana.